Bastola Katika Foleni ya Mafuta

Jirani yangu wa mtaa wa Musinzira alipopata kibali cha kumiliki bastola, alinijia nyumbani na karatasi mkononi kabla hajamwonyesha mkewe. Ni mfanyabiashara wa vitenge katika soko la Gitega, Burundi, amehiji mara mbili, na Kifaransa chake ni kile cha kuagizia bidhaa: kinajua rangi na idadi, kisha kinanyamaza. Mimi nafundisha lugha hiyo katika shule ya sekondari. Akanitaka nimsomee masharti. Nilimsomea yote, polepole, kama ninavyowasomea wanafunzi ambao najua tayari kwamba mtihani utawashinda. Karatasi ilisema silaha ikae mwilini mwa mwenye kibali, au ifungiwe mahali ambapo yeye peke yake ana ufunguo. Ndani ya gari, ifungiwe ikiwa tupu, na risasi zikae mbali nayo. Isiachwe kamwe katika gari lililo mikononi mwa mtu mwingine.

Sharti la kwanza alilisikiliza. Yaliyobaki aliyapokea kama watu wanavyopokea redioni matangazo ya vifo vya wasiowajua.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza, "mi niko na swali moja tu. Jina yangu wameandika vizuri?"

Lilikuwa limeandikwa vizuri. Akaikunja karatasi, akaondoka ameridhika.

Mimi nililelewa Tanzania, kambini, na wazazi waliovuka mpaka kwa miguu wakikimbia bunduki. Sikuwahi kumsikia baba akiitamka silaha kwa jina lake. Alisema "vile vyuma", akageuza uso. Kwa hiyo naungama kwamba sikuwa msikilizaji mwema wa furaha ya jirani yangu. Mtu anayeogopa wezi namwelewa. Mtu anayetaka aonekane kuwa na kitu cha kuibiwa ndiye anayenishinda, na jirani yangu alikuwa huyo wa pili. Wezi waliwahi kumvunjia duka mara moja, wakachukua redio na mabuti ya mvua. Kwa ajili ya redio ile sasa alikuwa na bastola.

Mdogo wake ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kazi safi na maneno machache. Alimtengenezea sanduku la chuma la kufunga chini ya kiti cha dereva: bamba nene, bawaba za ndani, boliti nne zilizopenya sakafu ya gari, na kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mmoja tu. Nililiona siku lilipofungwa. Lilikuwa kazi ya mtu aliyeelewa sheria bila kusomewa. Haji, ndivyo sote tunavyomwita, alilipiga kofi, akalisifu, akatia ndani yake chupa za marashi. Bastola aliiacha katika droo ya mbele, ile iliyo mbele ya magoti ya abiria, ambayo kilimi chake kilikuwa kimelegezwa na barabara zetu miaka mingi kabla silaha haijaingia humo.

"Mwizi akinijia," alinieleza, "nimwambie angoje, kwanza niiname chini ya kiti natafuta kufuli?"

Mdogo wake alilifungua sanduku siku moja mbele yangu ili aitie bawaba mafuta. Akatoa chupa moja, akainusa, akaitoa ya pili.

"Kaka," akasema, "mi nilitengeneza sanduku ya bastola ao kabati ya bibi arusi?"

Haji alicheka kuliko sisi sote. Hilo nalo lilinichukiza. Mtu anayekasirika akikosolewa kuna siku atajirekebisha. Anayecheka amekwisha kukusamehe kosa lake mwenyewe, na habari imeishia hapo.

Basi kijana wake akampenda binti wa Muyinga, wa familia ya mafundi cherehani, Waislamu wa mjini kama wao. Nikaombwa niwe msemaji wa posa. Watu wa kwetu wanakiheshimu Kiswahili cha Tanzania bila kukipenda sana, na wanapokuwa na jambo la kuombwa kwa adabu humtafuta mtu wa kukisema kwa niaba yao, kama wanavyoazima viti vya plastiki. Nilikubali kwa sababu kijana alikuwa mwanafunzi wangu na hakuwahi kunidanganya. Tuliondoka Gitega alfajiri, Haji na mimi katika gari lake. Wanawake na kijana walikuwa wametangulia jana yake kwa basi. Mafuta yalitosha kwenda. Ya kurudia tulitarajia kuyapata Muyinga. Neno hilo "kutarajia" limekuwa kiungo cha injini katika nchi yetu.

Njia nzima alikuwa akiigonga droo kwa vidole kila tuliposimama. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitazama vitambulisho vyetu akatupisha, na Haji akaonekana kusikitika kwamba hakuulizwa zaidi.

Foleni ya kituo cha mafuta cha Muyinga ilianza mbali na kituo chenyewe. Wageni huona magari hayo yaliyopangana bila watu wakadhani pametokea msiba. Hakuna msiba, ni utaratibu. Lori la mafuta likikawia siku moja au tatu, hakuna mwenye gari anayekaa kulisubiri. Gari ndilo linalosubiri. Mwenyewe humkabidhi mlinzi wa foleni ufunguo, kwa kuwa usukani wa gari lisilo na ufunguo hujifunga, na gari lisiloweza kusukumwa mbele hurukwa na walio nyuma yake. Mlinzi mmoja huweza kuwa na funguo kumi na mbili shingoni, zimetungwa kwenye kamba, na kila moja inafungua nyumba ndogo ya magurudumu yenye siri za mtu. Watu wasiomwachia dada yao ufunguo wa ghala humwachia mtu wasiyemjua ufunguo wa gari, kisha huenda kula.

Mlinzi wetu alikuwa mtu wa rika langu, mkulima wa Gasorwe, aliyekuja mjini siku ambazo maharagwe yake hayakumhitaji. Aliponisalimu nilijua mara moja alikolelewa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kigoma, chenye upatanisho kamili, Kiswahili cha watu waliofundishwa chini ya turubai.

"Karibuni, wakubwa. Namba yangu ya simu hii hapa, na yako nipe, bosi. Je, ndani ya gari mmeacha kitu cha thamani? Huwa nauliza mapema, ili tusije kutafutana maneno baadaye."

"Hakuna kitu," Haji alijibu. "Iko maji na viatu yangu ya kuendeshea."

Nilimshika kiwiko, nikamvuta kando hadi ukingoni mwa mtaro.

"Haji, na ile bastola?"

"Polepole, Mwalimu! Unataka niingie nayo kwa wakwe? Na kanzu hii?" Akaitandaza mbele yangu kwa vidole viwili. Ilikuwa kanzu nyeupe nyembamba, imepigwa pasi hata mtu angeweza kuhesabu matundu ya fulana yake. "Nikikaa chini, kila mtu ataona. Watasema nimekuja kuoa ao kuvamia?"

Kwa hilo alikuwa na haki. Mtu anayekwenda kuomba binti wa watu haingii na silaha. Aibu yake ingefika Gitega kabla yetu.

"Basi ifungie katika sanduku la chuma."

"Ufunguo wa sanduku iko Gitega."

"Gitega wapi?"

"Kwa kabati. Pamoja na karatasi ya kibali. Nilitia mahali moja, visipotee."

Nilimtazama mtu huyu, mwenye duka, mwenye wajukuu, aliyekuwa amepanga vitu vyake kwa uangalifu mkubwa hivyo: sheria na kufuli vimehifadhiwa pamoja nyumbani, na silaha yenye risasi imesafiri peke yake. Nilitaka kusema kwamba mmoja wetu abaki na gari. Nilitaka kumwambia mlinzi. Lakini jua lilikuwa limepanda, wenyeji walikuwa wakitungoja, na mimi nilikuwa na hotuba kichwani niliyoipenda. Nikanyamaza. Haji akamkabidhi yule mkulima ufunguo, akamgusa bega kama mtu anayetoa zawadi, tukaondoka.

Posa ilikubaliwa. Sitaielezea, kwa kuwa hotuba za posa hufanana, na yangu haikuwa tofauti kama nilivyoamini wakati nikiitoa. Haji alikuwa amezima simu kwa heshima ya wakwe, jambo alilolitangaza mara mbili. Wakati wa pilau alishindwa kujizuia. Akasema kwa sauti ya chini inayosikika kwamba yeye njiani hasumbuliwi na mtu, na sababu yake anaijua. Baba wa binti, mzee aliyekuwa na tepu ya kupimia shingoni hata siku ile, alimjibu:

"Sisi pia hatusumbuliwi. Ila sisi hatuna sababu."

Wenyeji walitukatalia kuondoka siku ile, nasi tukalala.

Asubuhi habari zilienea mtaani kwamba lori la mafuta limefika. Tulikwenda haraka. Gari letu lilikuwa limesogea sana, limebakiza magari kama ishirini kufikia pampu, na droo ya mbele ilikuwa wazi, inaning'inia kama ulimi. Haji akatia mkono. Akautia tena, mpaka kiwiko. Akainama chini ya kiti. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika, na sijui kwa nini wanadamu wa namna yake, hofu ikiwaingia, humtafuta kwanza mtu wa kumshika.

Mkulima alikuwa anakuja kutoka kwenye bomba, anakung'uta maji mikononi. Haji alimdaka ukosi wa shati.

"Umeweka wapi? Wee! Umeweka wapi kitu yangu?"

"Bosi, tulia. Nilikupigia simu jana, mara sita."

"Kitu yangu iko wapi? Hawa watu ya kambi! Tuliwapokea hapa na mizigo yao ya Tanzania, wanakuja kutuibia na Kiswahili safi!"

Foleni ya mafuta ina watu wasio na kazi siku nzima, na ghafla walikuwa na kazi. Wakaja kutoka kila gari. Mmoja alisema mwizi apelekwe polisi, mwingine kwamba polisi ni mbali na mawe yako karibu. Hakuna aliyejua kilichoibwa.

"Haji, umepoteza nini?" mwendesha pikipiki aliuliza.

"Kitu yangu!"

"Kitu gani?"

"Kitu!"

"Ni tasbihi?"

Kicheko kikapita katika kundi, na Haji, aliyekuwa ametumia miezi mingi kutaka kila mtu ajue ana nini, alishindwa kukitaja mbele ya watu hamsini. Mkulima hakujitoa mikononi mwake. Alisema kwa sauti ya kawaida, karibu na sikio lake:

"Bosi, nishike hivyo hivyo. Usiniachie. Twende wote polisi."

Haji aliona huo kuwa ujeuri. Mimi niliona kwamba mtu yule hakutaka kuitaja silaha katikati ya kundi lililokuwa linatafuta mawe, na kwamba kati yetu watatu ndiye peke yake aliyekuwa akilinda kitu.

Huko polisi, bastola ilikuwa juu ya meza ya afisa, risasi zake zimepangwa kando ya kalamu. Afisa alikuwa mtu wa makamo kama sisi, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Alimwacha mkulima aseme kwanza. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Jana baada ya adhuhuri foleni ilisogea. Alipolisukuma gari juu ya kile kilima kidogo kabla ya kituo, droo ilifunguka yenyewe. Akaona. Akaifunga kwa goti. Ikafunguka. Akapiga simu, ikawa imezimwa. Akamwita mlinzi wa kituo aje aone kwa macho yake, akasimama mlangoni mwa gari mpaka askari akaletwa.

"Sikuigusa," alimaliza. "Sijawahi kugusa kitu kama hicho."

Jambo lingeweza kuishia hapo kwa faini na aibu. Lakini afisa aliomba karatasi ya kibali, na karatasi ilikuwa Gitega. Aliuliza silaha ilifungiwa wapi. Nikamwona Haji akivuta pumzi, nikajua kabla hajafungua kinywa.

"Ilikuwa kwa sanduku ya chuma, afande. Chini ya kiti, mdogo yangu alitengeneza, mnaweza kuangalia. Huyu alifungua. Nafikiri alitaka kuuza, akaona watu ni wengi, akaogopa, akajifanya kuita polisi. Funguo zote za gari alikuwa nazo yeye."

Afisa alimgeukia mkulima. Mlinzi wa kituo alikuwa ameiona bastola ndani ya droo, ndiyo. Lakini aliiona alipoitwa. Kabla ya hapo kulikuwa na mtu mmoja tu na ufunguo. Akamwambia mkulima avue mkanda na viatu, akae chini karibu na ukuta. Alivivua, akaviweka sawasawa, kiatu kando ya kiatu, mkanda umeviringishwa ndani yake. Soksi hakuwa nazo. Kwa wizi wa silaha mtu haulizwi atarudi lini shambani.

Haji aliomba ruhusa ya kuzungumza na shahidi wake, yaani mimi, barazani. Huko alinishika mikono yote miwili.

"Mwalimu, sikiliza. Posa ya mtoto iko kwa mdomo yako. Wakwe wakisikia niliacha bastola kwa foleni, wakisikia nimefungwa, harusi imekufa. Sema tu sanduku. Neno moja."

"Na yule mtu?"

"Yeye ni mukulima! Atakaa siku mbili, tatu. Mi mwenyewe nitamtoa. Nitampa na kitenge ya bibi yake. Mbili!"

Nimesoma vitabu vingi kuhusu uovu, na waandishi wake karibu wote wamenidanganya, kwa kuwa wameupa uovu sura kubwa. Ule niliouona barazani ulikuwa na jasho juu ya mdomo na ulinukia marashi. Haukumchukia yule mkulima hata kidogo. Ulikuwa umekwisha kumkatia kitenge.

Nilirudi ndani, nikasema. Nilisema bastola ilisafiri katika droo kutoka Gitega, ikiwa na risasi. Nilisema ufunguo wa sanduku na karatasi ya kibali vilibaki kabatini. Nilisema mlinzi aliuliza wazi kama kuna kitu cha thamani, akajibiwa hakuna. Afisa aliandika kwa Kifaransa, mwandiko wake ukiegemea kulia, na alipofika mwisho hakuinua kichwa.

"Nawe, Mwalimu, ulijua ilikuwa ndani wakati gari linaachwa?"

"Nilijua."

"Ulimwambia huyu mlinzi?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza katika siku mbili hizo za kusemea watu nilijisemea mwenyewe.

"Tulikuwa tumechelewa," nilisema.

Akaliandika hilo pia, neno kwa neno, akanigeuzia karatasi nitie sahihi. Karibu na ukuta yule mkulima alikuwa amenigeuzia uso. Alikuwa amemsikiliza Haji tangu asubuhi bila kumtazama hivyo.

Bastola ilibaki polisi, na kibali kikasimamishwa mpaka mamlaka za Gitega zitakaposema. Haji aliwekwa kwenye benchi angoje karatasi yake iletwe, na alipopita mbele yangu alisema tu, "Jirani wa kuazima." Harusi ilifungwa miezi michache baadaye. Wakwe, nilivyosikia, walijua yote kabla ya sisi kutoka polisi, na hawakuona sababu ya binti yao kulipia droo ya mtu. Msemaji wa siku hiyo alikuwa mtu mwingine.

Mkulima alirudishiwa vitu vyake. Alivaa mkanda akiwa amesimama, viatu akiwa amechuchumaa uani, nami nilisimama mbele yake nikaanza kusema maneno yaliyofaa, kwa sarufi ile tuliyofundishwa sote wawili chini ya turubai. Aliniacha nifike katikati ya sentensi.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi sikudai neno. Foleni inasogea, na gari la rafiki yako linazuia watu." Akatoa kamba ya funguo shingoni, akafungua fundo kwa meno, akachomoa ule mmoja, akautia kiganjani mwangu. "Magari mengine ya watu nitayamaliza leo. Kesho sishiki tena gari la mtu. Mnaweza kuwa na nini humo ndani, mimi nitajuaje?"

Alitangulia, nami nikamfuata kwa mbali mpaka kituoni, ambako kila mmoja alishika njia ya magari yake. Walio nyuma yetu walikuwa wamekwisha kupiga honi. Nilifungua mlango, nikavua koti la suti, nikaliweka kitini, nikatia ufunguo, nikaanza kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na bega kwenye nguzo ya mlango, kama nilivyowaona wenzake wakifanya.

"Angalieni," mwendesha pikipiki alisema, "wamebadilisha mlinzi. Huyu ana tai."

"Mwalimu, unakanyaga pabaya! Mguu nyuma!"

Nikaurudisha mguu nyuma. Gari likasogea hatua moja, likasimama. Mbele yetu yalikuwa yamebaki magari kumi na saba. Walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka, na hakuna aliyekuja kunisaidia kusukuma.